Kufuli na Isale

Fundi Sifael alinipa masharti mawili kabla pikapu yake haijafika Himo. La kwanza, yeye akiwa na mkono ndani ya mashine, macho yangu yasiende kwingine kokote. La pili, mbele ya wateja msaidizi hasemi. Kama nina neno, nilitunze mpaka tukiwa njiani kurudi.

"Godbless, msaidizi aliyekutangulia, alikuwa anaijua kazi," alisema, akikwepa shimo. "Lakini mdomo. Halafu macho yake yalikuwa mlimani kila saa. Haya, ameupata mlima, anawabebea wazungu mabegi. Na wewe mlima unautaka?"

"Hapana, fundi."

"Umeshawahi kufika huku juu?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza. Mimi ni wa tambarare, kambi ya miwa."

Aligeuka akanitazama kama mtu anayekagua tairi. "Miaka yote hiyo unauangalia mlima kama picha ya kalenda. Sawa. Leo ndiyo mtihani wako, Dainess. Ukifaa, Jumatatu unaanza kazi. Usipofaa, tunashikana mikono, kila mtu na njia yake."

Nilisema nimeelewa. Nilielewa kuliko alivyodhani. Wazazi wangu walitoka Singida kabla sijazaliwa, wakaja kukata miwa kwenye mashamba yaliyo chini ya Moshi. Nimekulia kambini kati ya watu wa kila mkoa, na Kichagga ninachokijua ni cha sokoni, salamu na matusi madogo. Nilisoma umeme katika chuo cha ufundi stadi pale mjini, nikapata cheti, na tangu hapo nilikuwa nikitembea nacho ndani ya bahasha ya plastiki kutoka karakana moja hadi nyingine. Kila mlango swali lilikuwa lile lile: uzoefu. Mwenye karakana mmoja pale Njoro nilimwuliza uzoefu unaanzia wapi, ikiwa kila mtu anautaka ukiwa tayari unao. Alicheka sana, akaninunulia soda, akanirudishia bahasha yangu.

Baba hakunilaumu hata siku moja. Alinipigia simu wiki ile akasema nyapara amenishikia nafasi kwenye kundi la kupalilia miwa, kuanzia Jumatatu, na kwamba jembe ni kazi kama kazi nyingine. Aliyasema polepole, kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. Ni yeye aliyeuza mbuzi zetu ili mimi nisilishike jembe hilo.

Kwa hiyo Jumatatu yangu ilikuwa mikononi mwa Fundi Sifael. Begani nilikuwa na mkoba wenye testa, bisibisi, na kufuli jekundu. Kufuli hilo alinipa Mwalimu Winfrida siku ya mahafali. Alitufundisha kwamba ukizima umeme ili ufanye kazi ndani ya mashine, unafunga swichi kwa kufuli. Kufuli moja, ufunguo mmoja, na ufunguo unakaa kwa yule ambaye mkono wake uko ndani. Alikuwa akisema hivyo huku ameinua mkono wake wa kushoto, wenye vidole vitatu.

*

Mashine ya kumenyea kahawa ya wakulima wa Kilema ilikuwa chini ya paa la mabati lisilo na kuta pande mbili, katikati ya migomba. Tulikuta watu wamejaa. Akina mama na akina baba wameketi juu ya ndoo, madebe na magunia ya kahawa mbivu, nyekundu, iliyochumwa alfajiri. Kahawa mbivu haingoji. Ikilala bila kumenywa inachacha, na ikichacha, msimu mzima wa mtu umekwenda na maji. Mashine ilikuwa imezimika tangu jana yake.

Mwenyekiti wao, Mzee Kalisti, alikuja kutupokea akiwa amevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa bado linawaka.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," alijibu Fundi Sifael, bila kusita, utadhani si Mlutheri wa Machame.

"Na huyu?"

"Msaidizi wangu."

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Ana uzoefu, huyu binti?"

"Ana cheti," akasema fundi.

"Hicho cheti kinashika spana?"

Watu wakacheka. Nilicheka nao, kwa kuwa sharti la pili lilikataza kusema, si kucheka.

Nikaanza kushusha vifaa. Kopo la grisi lilikuwa limemwagika njiani, mikono yangu ikajaa grisi mpaka kwenye viwiko. Nilitafuta kitambaa nikakosa. Kando ya uwanja kulikuwa na safu ya mimea mirefu yenye majani mapana ya kijani, imara kama ngozi. Nikachuma jani moja, nikajifuta nalo vizuri, nikalitupa chini.

Mazungumzo yakakatika.

"We mtoto," akasema mama mmoja mzee aliyekuwa ameketi karibu na nguzo, kanga imefungwa juu ya sweta. "Umejifutia nini hicho?"

"Jani, mama. Samahani, ni la dawa?"

Mtu mmoja alisema neno kwa Kichagga, wengine wakaguna. Fundi Sifael alikuwa akitazama chini kama anayetafuta sarafu. Yule mama akainuka, akaja, akaliokota lile jani lililojaa grisi.

"Naitwa Mama Anyesi. Huo mpaka unaouona ni wa kihamba changu, shamba langu la migomba. Hili linaitwa isale. Mimi na jirani tukigombana, yeye akinijia ameshika isale, siwezi kumkatalia msamaha, hata awe ameniua ng'ombe. Nikilifunga kwenye mkungu wa ndizi, hakuna atakayeugusa mkungu ule mpaka uoze. Babu zetu walizikwa kando yake." Akalitazama tena. "Na wewe umepangusia grisi."

"Sikujua, mama. Nisamehe."

"Najua hukujua. Mtu wa huku asingeweza, hata kwa kulewa." Akanipa upindo wa kanga yake. "Futa na hii. Ni chafu tayari."

Nilijifuta huku masikio yakiwaka moto. Kazi ilikuwa haijaanza na nilikuwa nimeshafanya kosa ambalo hakuna chuo kilichowahi kunifundisha kulikwepa.

*

Kibanda cha swichi kilikuwa ng'ambo ya uwanja, karibu na barabara, hatua nyingi kutoka kwenye mashine. Mlango wake haukuwa na komeo. Ndani kulikuwa na swichi kubwa yenye mkono wa chuma, na soketi moja ukutani iliyotumia umeme wa swichi hiyo hiyo. Fundi Sifael aliuvuta mkono ukashuka, kisha akatoa mfukoni jani la isale alilokuwa amelichuma kwa heshima zote baada ya kumwomba Mama Anyesi, akalizungusha kwenye mkono wa swichi, akalifunga fundo.

Mimi nilikuwa nimeshatoa kufuli langu.

"Fundi, hapa pana tundu la kufuli."

"Nimeliona kabla hujazaliwa."

"Naweza kulifunga?"

Mzee Kalisti alikuwa amesimama mlangoni nyuma yetu. Fundi Sifael alipunguza sauti, lakini si sana.

"Kufuli ni la mwizi, Dainess. Nikifunga kufuli mbele ya isale, nimewaambia wazee hawa kwamba neno lao halitoshi. Nitapita wapi tena huku? Mashine zote za upande huu nazipata kwa sababu ya mzee huyu. Hakuna mtu wa huku atakayegusa hapo. Watoto wanalijua isale kabla hawajajua kusema."

Na asiye mtu wa huku? Swali lilifika kwenye ulimi wangu. Nilimtazama Mzee Kalisti, na yeye alikuwa akilitazama kufuli langu jekundu jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia na viatu sebuleni. Nikalirudisha mkobani.

Tulifungua boksi la kuanzishia mashine. Harufu ya kuungua ilitupiga usoni. Ndani kulikuwa kweusi kama chungu. Mota yenyewe nilipoipima ilikuwa nzima, na fundi alipopima baada yangu akaguna kwa namna ambayo niliihesabu kuwa sifa. Boksi jipya lingetoka mjini kesho yake, na kahawa isingengoja. Basi akaziunganisha nyaya moja kwa moja, bila boksi.

"Leo watatumia swichi kubwa kuwasha na kuzima," akasema. "Ikipanda, mota inazunguka. Ikishuka, inasimama. Umeelewa?"

Nilielewa. Nilielewa pia kwamba tangu dakika ile, kati ya mashine na kibanda kule ng'ambo hakikubaki kitu chochote isipokuwa jani.

Kabla hatujajaribu, fundi aliizungusha ngoma ya mashine kwa mkono. Ikazunguka nusu, ikagonga kitu, ikakwama. Kuna chuma kilikuwa kimedondokea ndani, kati ya ngoma na bamba lake. Ndicho kilichoikaba mashine mpaka boksi likaungua.

"Kalete mtaimbo kwenye pikapu."

Wakati huo mvua ilikuwa imeanza. Wingu lilikuwa limeshuka kutoka mlimani ghafla, jua likafutika. Lori dogo lililoleta magunia mapya kutoka Himo lilikuwa limesimama nyuma ya pikapu yetu, na dereva wake amejibanza chini ya turubai, kijana mnene kidogo mwenye kofia ya timu.

"Dada, umeme unarudi saa ngapi? Simu imekufa na bosi ananitafuta, atadhani nimetoroka na magunia yake."

"Mpaka tumalize."

"Nitajuaje mmemaliza?"

"Utasikia mashine."

"Na wewe si wa huku," akasema, akitabasamu. "Unaongea kama binadamu. Mimi naitwa Tito, wa Kasulu."

"Dainess. Baba yangu ni wa Singida. Nenda kakae ndani ya gari, utalowa."

Niliuchukua mtaimbo nikakimbia nao kwenye mashine.

*

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Fundi alilala chali juu ya gunia, akapitisha mkono kutoka chini, kwenye upenyo kati ya ngoma na bamba, mpaka kiwiko kikapotea. Mimi niliingiza mtaimbo kwenye mwanya wa puli kubwa, nikaukandamiza kwa bega ili ngoma irudi nyuma kidogo, upenyo uongezeke. Ngoma ilikuwa nzito na ilitaka kurudi mahali pake. Ningeulegeza mtaimbo, ingebana vidole vyake.

"Usiachie," akasema.

"Siachii."

"Ni boliti. Naigusa. Imelala kwa ubavu."

Mvua ikazidi. Wenye mabati wanajua ile sauti: inaanza kama mchele unaomwagwa, kisha inakuwa ukuta. Nilimwona fundi akichezesha midomo, sikusikia neno. Watu walisogea katikati, mbali na michirizi. Mama Anyesi peke yake alibaki kwenye nguzo yake, upande wa barabara.

Ni hapo nilipolivunja sharti la kwanza. Kitu kilipita pembeni mwa jicho langu, nikainua macho. Tito alikuwa akivuka uwanja mbiombio, gunia tupu kichwani, simu mkononi, waya wa chaja ukining'inia. Hakuwa akija kwetu. Alikuwa akienda kwenye kibanda cha swichi.

Nilijua atakachokiona. Nilijua kwa sababu asubuhi ile ningekiona mimi. Angeona soketi, angechomeka chaja, angeona haina moto. Angegeuka, angeona mkono wa swichi umeshuka, na juu yake jani fulani limeviringishwa, uchafu tu.

"Fundi, toa mkono."

Hakusikia. Nikainama kadiri bega lilivyoniruhusu.

"Fundi, toa mkono."

"Vumilia kidogo," akapaza sauti. "Nimeishika. Ukitikisika utanikata."

Alidhani nimechoka. Kuuacha mtaimbo nisingeweza, na yeye asingetoka bila mimi kuushikilia. Tito akainama chini ya mlango mfupi wa kibanda, akaingia.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini mwanzo. Niliona nyuso zikigeuka, niliona Mzee Kalisti akikunja uso na kumwambia mwenzake neno, na nilijua kwa jinsi walivyonitazama kwamba wanaona msichana wa cheti amezidiwa na mashine. Jumatatu yangu ilikuwa ikienda, niliiona ikienda, na haikuwa na maana yoyote.

"Mama Anyesi," nikaita. "Dereva. Ameingia kwenye swichi."

Akaweka mkono sikioni. Nikarudia.

"Kuna isale, mwanangu," akajibu, kwa utulivu wa mtu anayemwambia mtoto kwamba mlango umefungwa. "Hatagusa."

"Hajui isale. Mama, hajui. Ni kama mimi asubuhi."

Alinitazama. Macho yake yakashuka mpaka kwenye mikono yangu iliyoushika mtaimbo, kwenye grisi iliyobaki kati ya vidole, na uso wake ukabadilika. Aliinuka, ndoo yake ikapinduka, kahawa ikatawanyika kwenye tope. Nilidhani atakimbia, nikajua hatawahi. Hakukimbia. Alisimama ukingoni mwa paa, akaweka viganja viwili mdomoni, akapiga yowe.

Nimekulia kambini, nimesikia ving'ora vya kiwanda. Sijasikia kitu kama kile. Baadaye niliambiwa ndivyo wanavyoitana kutoka kihamba hadi kihamba, ng'ambo ya korongo, kukiwa na moto au msiba. Lilikuwa jembamba, refu, na lilipita ndani ya mvua kama sindano kwenye gunia. Watu wote wakasimama.

Na Tito akatoka kibandani. Mkono mmoja ulikuwa na simu. Mwingine ulikuwa na isale.

"Nini?" akauliza, akitutazama sote. "Nani amekufa?"

*

Fundi Sifael hakujua yowe ni la nini mpaka alipotoa mkono wake, boliti ikiwa ndani ya ngumi. Niliushusha mtaimbo, nikaketi kwenye gunia. Yeye akasimama, akaona uwanja mzima umemzunguka kijana mmoja aliyelowa.

Mama Anyesi ndiye aliyemweleza, kwa Kichagga, maneno machache. Nilimwona fundi akiutazama mkono wake. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechunika na vimeanza kuvimba. Aliufungua, akaufunga.

"Ulitaka kuchaji simu," akamwambia Tito.

"Mvua ilikuwa kubwa, mangi, nikadhani mmemaliza ila siisikii mashine. Nilitoa tu hili jani, nilikuwa nimeshika ile..." Akalitazama lile jani. "Kwetu jani ni jani. Wallahi sikujua."

Mzee Kalisti alianza kumfokea, na Tito akazidi kudidimia ndani ya gunia lake. Fundi hakuwasikiliza. Alikuja mpaka nilipoketi.

"Nilikwambia msaidizi hasemi mbele ya wateja."

"Ndiyo, fundi."

"Nilikwambia macho yako yawe kwangu."

"Ndiyo, fundi."

Mvua ilikuwa imeanza kupungua na kila mtu aliweza kutusikia. Nilikuwa nikifikiria jembe, na jinsi nitakavyomwambia baba kwa maneno ambayo hayatamfanya awe mpole tena.

"Boliti imetoka," akasema hatimaye. "Nati yake bado imo. Lazima mkono urudi." Akapangusa uso. "Kufuli lako liko wapi?"

Nikalitoa. Mzee Kalisti aliacha kumfokea Tito.

"Fundi," akasema. "Sifael. Mimi na wewe tumejuana siku nyingi. Leo unatufungia kufuli, kwa ajili ya kijana mmoja wa kupita? Watu hawa watakwenda kusema nini, kwamba isale la Kilema halitoshi?"

Fundi alilitazama kufuli, akamtazama mzee. Nilimwelewa. Alikuwa na mke na watoto wanaosoma, na kila mashine ya upande ule ilipitia kwa mzee aliyesimama mbele yake. Mkono wake ulioumia ulikuwa umenyooshwa kwangu ili nimpe kufuli, na haukuwa ukienda mbele wala nyuma.

Sikupanga nilichofanya. Niliinuka nikaenda kwa Tito, nikalichukua isale mkononi mwake. Lilikuwa na tope. Nilitafuta sehemu safi ya ovaroli yangu, nikaipata karibu na kola, nikalifuta pande zote mbili. Kisha nikaenda mbele ya Mzee Kalisti, nikapiga goti kidogo kama tunavyofanya nyumbani, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

"Mzee, ninaomba nifunge kufuli."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mabati. Mzee Kalisti alilitazama jani, akanitazama mimi, akamtazama Mama Anyesi.

"Nani amekufundisha hili?"

"Mama Anyesi, mzee. Asubuhi, nilipokosea."

"Alikwambia kwamba siwezi kukataa?"

"Ndiyo, mzee."

"Umenikamata," akasema. Sauti yake ilikuwa bado na ukali, lakini mkono ulikuja, ukalipokea. Akamgeukia Mama Anyesi. "Mae, huyu mtoto wa miwa amenikamata kwa kamba yangu mwenyewe."

Mama Anyesi alicheka wa kwanza, kicheko kikavu kama kikohozi. "Meku, mzee wangu, acha wafunge. Kahawa yangu nusu iko kwenye tope, hiyo nyingine unataka ichache?"

Tukaenda wote kibandani. Nilipitisha kufuli kwenye lile tundu, nikalibana, likalia. Mzee Kalisti mwenyewe akalifunga isale juu yake, polepole, fundo la kizee ambalo sikuwa nimeliona kwa fundi. Tito alisimama mlangoni na kusema kwamba yeye atakaa hapo hapo, asiingie mtu. Hakuna aliyemwomba.

Chini ya paa, nilimpa Fundi Sifael ufunguo.

"Anayeingiza mkono ndiye anayeushika," nikasema.

Aliutazama ufunguo kwenye kiganja chake, kati ya vifundo vilivyovimba. Alijaribu kukunja vidole, akashindwa kuvifunga. Akanirudishia.

"Basi shika. Huu wangu hauingii tena leo."

Niliutia ufunguo mfuko wa mbele nikaufunga kwa kifungo. Nililala chali juu ya gunia, mahali alipokuwa yeye, pakiwa bado na joto lake. Yeye akauchukua mtaimbo, akaukandamiza kwa bega, na upenyo ukafunguka. Nikaingiza mkono.

Ndani kulikuwa na utelezi wa maganda na baridi ya chuma. Ngoma ilikuwa na meno madogo kama ulimi wa ng'ombe. Niliyahisi yakipita juu ya mkono wangu, na mwili mzima ukataka kutoka. Nilifikiria vidole vitatu vya Mwalimu Winfrida. Kisha nikauhisi ufunguo kifuani, ukipanda na kushuka ninavyopumua, na mkono ukasogea mbele.

"Unaigusa?" akauliza Mzee Kalisti kutoka juu.

"Mwache," akasema fundi. Macho yake hayakuwa kwa mzee, wala kwenye mvua, wala mlimani. "Dainess, polepole. Iko kulia kwako, karibu na bamba."

"Bado, fundi."

"Usiharakishe. Na Jumatatu ukija, pitia dukani uniletee na mimi kufuli. Hili ni la kwako, hatuwezi kutumia moja watu wawili."

Nikasema nimesikia, fundi, na vidole vyangu vikaendelea kuitafuta nati.